Tulivyokusanya na kulinda video zote za studio ya shemeji, Moshi, kwa programu za bure

Naandikia wenzangu wa video na picha, hasa nyie wenye studio ndogo kama yetu ambayo kila kitu kipo kwenye eksteno, zile diski za nje za kuchomeka, zilizorundikwa kwenye droo na nusu yake hamna anayejua ina nini. Studio ni ya shemeji yangu, mume wa dada, ipo Moshi mjini upande wa soko la Mbuyuni, tunapiga harusi, sendofu, kipaimara, misa za shukrani, misiba, na kwaya zikitaka video. Mimi ndo naediti na ndo fundi wa kompyuta, sio kwamba nimesomea, ni kwa sababu hamna mwingine.

Kilichotuanzisha ni eksteno moja ya terabaiti mbili iliyoanza kugonga, ile sauti ya tk tk tk, inanyamaza, inaanza tena, na ilichagua katikati ya Desemba. Desemba ya Kilimanjaro mnaijua, watu wote wamerudi nyumbani, kila ukumbi una shughuli, Jumamosi moja tunagawana kamera sehemu tatu. Shemeji akasema tuichomoe tuiweke kabatini mpaka msimu uishe, na ule ulikua uamuzi mzuri kuliko yote tuliyofanya baadaye, maana diski inayogonga kila dakika ukiiacha na umeme unazidi kuimaliza. Kama yako imeanza kugonga usiifungue fungue kuangalia "ngoja nione kama ile harusi bado ipo". Ichomoe. Na kama kitu kilichomo ni cha kufa na kupona na hela unayo, mpelekee mtu anayefungua diski kwa kazi, usimalizie mwenyewe.

Sisi hela hatukua nayo kwa hiyo Januari tukatumia GNU ddrescue, programu ya bure ya kuvuta data kwenye diski mbovu. Nilikua na desktop ya zamani nikaiwekea Linux Mint, mfumo wa kompyuta unaokaa badala ya Windows, nao wa bure, na hapo ndo kazi yote ya hii habari imefanyika. Uzuri wa ddrescue ni kwamba haing'ang'anii sehemu mbovu, inaanza kuvuta zile sehemu zinazosomeka kirahisi, mbovu inaziruka inaziwekea alama kwenye faili ndogo ya ramani, halafu inazirudia mwishoni. Umeme ukikatika ukiiwasha tena na ramani ileile inaendelea ilipoishia. Round ya kwanza ni ddrescue -n /dev/sdc zamani.img zamani.map, ya pili unatoa -n unaweka -d -r3 ili ijaribu tena zile zilizogoma. Kabla hujabonyeza enter piga lsblk uangalie majina ya diski mara mbili, ukigeuza chanzo na inakokwenda umeifuta mwenyewe. Na jua kwamba hiyo img, yani nakala ya diski nzima ndani ya faili moja, itakua kubwa sawa na diski nzima hata kama diski ilikua nusu tupu, so uwe na nafasi.

Tulipata sehemu kubwa sana. Zilizopotea ni klipu kadhaa ghafi za sherehe ambazo filamu zake zilishatoka, wenyewe hawajui na hawajapungukiwa kitu. Ila shemeji alikaa kimya siku nzima, jioni ndo akasema, "Shem, hizi zingine zote tuzitoe humu kwenye droo." Sawa. Kutoa ndo kazi.

Jumla ilifika karibu terabaiti saba, eksteno, diski za kompyuta zilizokufa, memori kadi, na DVD. Nataka niongelee majina ya faili kwanza kwa sababu hapo watu wengi wanaumia bila kujua. Kamera zetu nyingi zinaita klipu MVI_0001, MVI_0002, ukifomati kadi au namba zikifika mwisho zinaanza upya. Maana yake kila harusi ina MVI_0034 yake. Sasa chukua folda mbili za kadi tofauti uzimwage kwenye folda moja, kompyuta itauliza "replace?", mtu amechoka saa saba usiku anabonyeza yes to all, na hapo kuingia kwa bibi harusi wa Kibosho kumefutwa na keki ya watu wa Rau. Kwa hiyo hatukumwaga kitu chochote popote. Kila kadi ilibaki na folda yake ndani ya folda ya shughuli, na folda ya shughuli inaanza na tarehe kwa mtindo wa mwaka kwanza, 2019-08-24_harusi_rau, hivyo zinajipanga zenyewe. Tarehe zenyewe usiziamini sana, betri ndogo ya saa ya kamera ikiisha kamera inarudi Januari mosi ya mwaka ilipotengenezwa, na tulikua na kipaimara kilichopigwa kabla hao watoto hawajazaliwa. Kinachosaidia ni exiftool, inakutolea tarehe na aina ya kamera, halafu unalinganisha na daftari la oda. Shemeji anaandika oda kwenye madaftari tangu zamani na yote anayo, hilo daftari limetusaidia kuliko programu yoyote.

Kwa wale wenye kamkoda za AVCHD, msivue zile faili za video za MTS mkaziacha uchi. Acha muundo wote kama ulivyo, PRIVATE, AVCHD, BDMV, STREAM, kwa sababu kamera inakata klipu ndefu vipande na zile faili ndogo za pembeni ndo zinajua kipande kipi kinafuata kipi. Ukizivua unaanza kupata zile sekunde za sauti kukatika kwenye maungio.

Nakala nyinginyingi tulizikuta ndio. Kuna harusi moja ipo kwenye diski tatu, moja kwenye folda HARUSI MPYA, moja HARUSI MPYA 2, moja BEKAPU USIGUSE. Kuzitafuta tulitumia Czkawka, ina madirisha ya kubonyeza, haihitaji komandi, inalinganisha yaliyomo ndani ya faili wala sio jina. Ila hapa nilikataa shemeji asifute chochote mpaka nakala kamili ya kwanza iwe imekaa kwenye diski mpya na imehakikiwa. Nafasi unaweza kununua. Yeye aliona napoteza nafasi, tukabishana, dada akaingilia kati, tukaendelea kwa mtindo wangu.

Diski mpya tulinunua mbili za terabaiti nane, zile za mezani zenye adapta ya umeme, sio zile ndogo za mfukoni. Pamoja na kebo zilikaribia milioni na laki tatu na hiyo ndo gharama kubwa ya zoezi zima, programu zote shilingi sifuri. Ukiichomeka kompyuta itakuandikia 7.27 badala ya 8, usiende kugombana na muuzaji, yeye anahesabu kwa elfu elfu na kompyuta inahesabu kwa 1024. Hizi ndogo za mfukoni nyingi zinaandika kwa teknolojia inayoitwa SMR, unaanza kukopi inakimbia vizuri, ukishapita gigabaiti kadhaa inaanza kutambaa mpaka unadhani imekufa. Haijakufa, ndo ilivyo, ila kwa kumwaga terabaiti tano utazeeka.

Na tuseme neno kuhusu fleshi. Mjini pale utapitishiwa fleshi ya "2TB" kwa bei ya chakula cha mchana. Kijana wa studio alileta moja kwa furaha kabisa. Kompyuta ilivyoisoma kweli iliandika terabaiti mbili, kwa sababu hizo zimechezewa chipu yake idanganye. Kuna programu inaitwa F3, unapiga f3write inaijaza fleshi yote, halafu f3read inasoma kilichoandikwa inakwambia ngapi nzima na ngapi imepotea. Ya kijana ilikua na gigabaiti chache za kweli, kilichobaki chote hewa, yani unakopi, inakubali, majina ya faili unayaona, ndani hamna kitu. Aliyemuuzia hajarudi kuonekana pale barabarani. Siku hizi hata memori kadi tukinunua, kabla haijaingia kwenye kamera inapita F3 kwanza.

Sasa hapa ndo nataka mnisikilize, maana ndo sababu ya kuandika yote haya. Watu wanakopi, ile baa inafika mwisho, wanafunga laptopu wanalala. Baa kufika mwisho haina maana kwamba kilichoko kule ni sawa na kilichoko huku. Kabla ya kukopi chochote, kwa kila diski ya zamani tulitengeneza orodha ya cheksamu. Cheksamu ni namba ndefu inayokokotolewa kutoka kwenye yaliyomo ndani ya faili, ikibadilika hata biti moja namba yote inageuka. Unaingia ndani ya diski halafu:

find . -type f -exec sha256sum {} + > ~/orodha-diski-03.txt

Inasoma kila faili mwanzo mwisho kwa hiyo inachukua mda, hesabu ya kawaida ni kwamba diski inayosoma megabaiti 150 kwa sekunde inahitaji karibu masaa kumi kumaliza terabaiti tano na nusu, na zile za zamani ni mara mbili yake. Tulikua tunaiwasha jioni tunafunga studio. Faida nyingine ya kusoma yote ni kwamba diski mbovu inajitaja yenyewe hapohapo, huna haja ya kusubiri mteja aje aitake ile video. Kabla hata ya orodha pitisha smartctl -a, inayosoma ripoti ya afya ya diski, kwenye diski (ya USB mara nyingine inataka uongeze -d sat) uangalie mistari miwili, Reallocated_Sector_Ct (sehemu mbovu zilizokwisha badilishwa) na Current_Pending_Sector (zinazogoma kusomeka). Sifuri ni vizuri. Ikiwa hiyo ya pili ina namba, hiyo diski ndo unaanza nayo kesho asubuhi.

Kukopi kwenyewe tulitumia rsync. Ni programu ya mwaka 1996, ipo kwenye Linux karibu zote. Mimi sijawahi kurudi kwenye kukopi na kupesti. Kitu ninachokipendea kwa huku kwetu ni umeme. Rsync inapoandika faili inaiandikia kwanza jina la muda lililofichwa, ikishamaliza ndo inaipa jina lake, kwa hiyo umeme ukikatika katikati huachiwi faili nusu yenye jina kamili inayojifanya nzima. Ukiiwasha tena inaruka zilizokwisha inaendelea. Unaanza na -n ambayo haifanyi kitu, inakuonyesha tu ingefanya nini:

rsync -avn /media/diski03/ /media/kuu/diski03/

Ukiridhika unatoa n. Ule mkwaju (/) wa mwisho kwenye chanzo usiudharau, ukiuweka inachukua vilivyomo ndani, usipouweka inachukua folda yenyewe, unajikuta na diski03 ndani ya diski03. Na kuna --delete, ambayo inafuta kwenye nakala chochote kisichokuwepo kwenye chanzo. Mafundisho mengi wanaiweka kama kawaida. Kwa hazina ya studio mimi naipiga marufuku, kijana akifuta folda kwa bahati mbaya Jumatatu, Jumanne usiku rsync inaenda kuifuta na kwenye bekapu kwa uaminifu mkubwa. Bora uweke --backup na --backup-dir, faili ikibadilika ile ya zamani inasogezwa pembeni.

Kama diski inatakiwa isomeke na laptopu ya Windows, ya studio tuliiacha NTFS, sio exFAT (hizo ni fomati za diski), sababu NTFS ina kumbukumbu ya maandishi yake na inavumilia umeme kukatika, exFAT haina hiyo. Ila kwenye NTFS tumia -rtv badala ya -av, maana mambo ya ruhusa za Linux kule hayana kazi. FAT32 sahau kabisa, haibebi faili inayofika gigabaiti nne.

Basi, diski ya kwanza ikamaliza, hamna eror hata moja. Shemeji ameshaanza kuiandikia lebo. Nikaichomoa, nikaichomeka upya, na hiyo ya kuchomoa ni muhimu, kwa sababu ukihakiki papo hapo kompyuta inaweza kukusomea kile ilichokishikilia kwenye RAM, memori yake ya muda, badala ya kilichoandikwa kwenye diski. Nikaingia kwenye nakala nikapiga sha256sum -c --quiet ~/orodha-diski-03.txt. Hiyo inanyamaza kama kila kitu ni sawa, inasema tu kwa faili zenye shida.

Ikasema. FAILED, FAILED, faili kadhaa hivi kwenye maelfu.

"Shem, si iliandika imemaliza?"

Iliandika. Nikarudia kuhakiki, na hapa ndo utamu wa jambo, zikaja FAILED tena lakini faili nyingine. Zile za mwanzo sasa ni nzima. Ingekua diski mbovu zingegoma zilezile kila mara. Zikibadilika badilika maana yake kitu kilicho katikati ndo kinadanganya, na kitu ambacho kila baiti inapitia ni RAM. Memtest86+, ya bure, unaiweka kwenye fleshi unawasha nayo kompyuta, inapima RAM bila Windows wala Linux. Nikaiacha iendelee wakati tunakula, kurudi kuna mistari myekundu. Desktop ina vijiti viwili vya RAM, ukichomoa kimoja unapima, unabadilisha unapima, kijiti kibovu kikajulikana. Hiyo kompyuta ilikua inaediti harusi za watu miaka, mara moja moja programu inajifunga tunasema ni Windows.

Sasa fikirieni ukubwa wa hilo. Rsync inajihakiki kwa namna yake wakati inahamisha, ila hairudi kusoma kilichokwisha andikwa kwenye diski. Bila ile orodha tungefomati diski za zamani, na klipu kadhaa zingekua zimeharibika kimyakimya, tungekuja kujua miaka ijayo mteja akiona vipande vya kijani kwenye video ya marehemu baba yake. Na orodha yenyewe nayo ilitengenezwa na RAM hiyohiyo mbovu, kwa hiyo nayo haikua ya kuaminika. Tukarudia orodha zote upya kutoka kwenye diski za zamani baada ya kutoa kijiti, nikazipanga kwa sort -k 2 nikalinganisha ya zamani na mpya kwa diff. Mistari michache ilitofautiana. Nikarudia na kukopi kwa --checksum ili rsync ilinganishe yaliyomo na sio tarehe na ukubwa peke yake, maana faili iliyoharibika biti moja ukubwa wake ni uleule. Kuhakiki tena, kimya. Sijawahi kufurahia skrini tupu kiasi hicho. Ilituongezea kama wiki mbili na shemeji alilalamika bili ya umeme, token za Luku zilikua zinaisha kama anazila mtu, lakini baada ya kuona ile mistari myekundu hakuuliza tena kwa nini tunahakiki.

Nakala ya pili, ile diski nyingine ya terabaiti nane, haikai Moshi. Ipo Arusha, Njiro, kwa mama mkubwa. Ni kilomita themanini na kitu, kuna mtu anaenda Arusha karibu kila wiki kufuata vifaa, na kama studio ikiungua au wezi wakipita, hawafiki Njiro. Kwa kuwa inasafiri kwenye Coaster kwenye mkoba, na ndani kuna sherehe na misiba ya watu, niliifungia kwa LUKS, yani ukiichomeka bila neno la siri huoni kitu. Sio uoga tu, tangu 2023 kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi, na sura za watu na watoto wao ni taarifa zao. Ukitumia LUKS toa nakala ya kichwa chake, cryptsetup luksHeaderBackup, uihifadhi kwingine, kile kichwa kikiharibika hata neno la siri ukiwa nalo halifungui. Neno la siri lipo kwenye karatasi kwa dada, maana mimi nikigongwa na bodaboda wasibaki wanaangaliana.

Mama mkubwa nilimpa na masharti, pakavu, isianguke, isichomekwe kwenye tivii. "Shikamoo mama mkubwa, ile diski inaendeleaje?" "Marahaba mwanangu, nimeiweka juu kabatini na vitenge, hamna anayefika." Tunaileta kila baada ya msimu, inaongezwa vipya, inahakikiwa, inarudi. Naihakiki yote, sio vipya tu.

Intaneti nilipiga hesabu nikaachana nayo kwa vitu ghafi. Terabaiti tano na pointi nne kwa kasi ya kupandisha ya megabiti kumi ni siku hamsini usiku na mchana bila kukatika, na sisi tunakatika. Kwa hiyo kule tunapeleka filamu zilizokamilika tu, kwa rclone, programu ya kupandisha faili mtandaoni, kwa mfumo wake wa crypt unaoficha mpaka majina ya faili. Ina --bwlimit inayokubali ratiba, kwa mfano "07:00,300k 22:00,off", mchana inajikunja watu wafanye kazi, usiku inaachiwa.

Faili za projekti za kuediti ni kesi nyingine kabisa. Ni ndogo, zinabadilika kila siku, na mara nyingi unataka ya juzi kabla hujaharibu. Hizo zinaenda kwenye BorgBackup, inaweka matoleo ya kila siku bila kurudia yaliyofanana, unaweza kurudi wiki iliyopita. Kuna watu watakwambia uweke na video zote humo. Mimi sishauri, video haibanwi zaidi ya ilivyobanwa na kamera, na klipu mbili tofauti hazina kitu cha kufanana, kwa hiyo hupati nafasi yoyote, ila unapoteza kile kitu kizuri kwamba mtu yeyote akichomeka diski anaona folda na anacheza video. Shemeji hatajifunza Borg. Folda anazijua.

Jambo la hela na wateja limebadilika pia na hilo halikua la kiufundi. Zamani mteja alidhani tunatunza milele na sisi tulidhani akishachukua yameisha. Sasa kwenye risiti imeandikwa filamu tunaitunza, klipu ghafi miaka miwili, na akitaka zitunzwe zaidi analeta diski yake au analipia. Wengi hawalipi. Wengine wanaleta fleshi, tunaipitisha F3 mbele yao.

Kilichobaki ni kanda za MiniDV, boksi kama mbili, kazi za kuanzia 2004 mpaka 2011. Kila saa moja ya kanda ni karibu gigabaiti kumi na tatu na inasomwa kwa saa moja ileile, hamna njia ya mkato. Programu ipo, dvgrab, na ukiiwekea --autosplit na --timestamp inakata klipu yenyewe na kuipa jina la tarehe iliyorekodiwa, maana kwenye DV tarehe imeandikwa ndani ya kanda. Kadi ya FireWire, tundu la kuingizia video kutoka kwenye kamkoda, ya kuchomeka kwenye desktop nimepata. Kanda chache zina ukungu mweupe pembeni, hizo nimezitenga, usiziingize kwenye deki kabla hazijasafishwa, zinachafua vichwa na ukungu unahamia kanda inayofuata. Tatizo letu sa hivi ni deki, kamkoda yetu ya zamani inasoma dakika kumi halafu inatafuna. Kama kuna mtu Arusha, Moshi au hata Boma Ng'ombe ana kamkoda au deki ya MiniDV inayocheza vizuri na imekaa tu, yenye tundu la DV, hata ya kukodi, tuongee bei. Ya kununua ni mpaka shemeji akubali, na kwa sasa ameshika kichwa na ada za shule.